Chikungunya si Kiswahili: Tafakuri Juu ya Maandishi ya Sayansi na Hesabu ya Marejeo

Utangulizi

Mwaka 1955 yalichapishwa makala ambayo waandishi wake hawakuwa na sababu yoyote ya kujuana. Nchini Marekani, Eugene Garfield alitoa katika jarida la Science pendekezo la kuunda faharasa ya marejeo, yaani orodha ambayo ingemwezesha msomaji kujua kila makala ya sayansi yametajwa na makala yapi yaliyoyafuata. Nchini Uingereza, jarida la chama cha wataalamu wa tiba ya nchi za joto lilitoa makala mawili, moja ya Marion Robinson na mengine ya W.H.R. Lumsden, juu ya maradhi yaliyozuka mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Pendekezo la Garfield limezaa mizani inayotumika leo kuwapima wanazuoni duniani kote. Makala ya Robinson na Lumsden yameupa ulimwengu neno linalotamkwa leo Delhi, Paris na Rio de Janeiro. Neno hilo ni chikungunya.

Makala haya ni tafakuri ya mwalimu wa Kiswahili juu ya kukutana kwa mambo hayo mawili. Sina ujuzi wa maabara, wala sikusudii kumfundisha mtu sayansi ya virusi. Ninachokijua ni lugha, na neno hili limenigusa kwa njia mbili. Kwanza, nilizaliwa na kulelewa Nachingwea, katika nyumba iliyosema Kimwera na Kiswahili, na kwa sababu hiyo masikio yangu yalilipokea neno hili kuwa ni la kwetu kusini. Pili, katika maandishi mengi ya biolojia ya molekuli neno hilo huelezwa kuwa ni la Kiswahili, lugha ninayoifundisha. Maelezo hayo si ya kweli. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: imewezekanaje kosa ambalo mzee yeyote wa Ruangwa angeweza kulisahihisha liishi kwa miongo mingi katika maandishi ya watu makini kiasi hicho? Na je, maisha marefu ya kosa hilo yanatufundisha nini juu ya thamani ya kutajwa?

Safari ya Neno

Maradhi yale yalianza kutambuliwa katika uwanda wa juu wa Wamakonde, Newala na maeneo ya jirani. Mgonjwa alipatwa na homa kali ya ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomfanya ashindwe kunyooka. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini kwa wengine maumivu ya viungo yaliendelea kwa miezi. Wenyeji waliyapa maradhi hayo jina lililoeleza kile walichokiona. Lumsden aliandika kwamba jina hilo limetokana na kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, chenye maana ya kukauka au kujikunja. Robinson alilifasiri kuwa ni kile kinachokunja. Wote wawili waliitaja lugha kwa jina lake: Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1956, R.W. Ross alichapisha matokeo ya uchunguzi wa virusi vyenyewe, ambavyo vilikuwa vimetengwa kutokana na damu ya wagonjwa wa mlipuko huo.

Yafaa tukumbuke kusini ilikuwa katika hali gani wakati huo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulikuwa umevunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Matrekta yalikuwa yameachwa yakiota kutu, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ilikuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo jina la Nachingwea limetajwa na kutajwa tena katika vitabu vya uchumi wa maendeleo kuwa mfano wa mipango isiyosikiliza wenyeji. Basi kusini yetu haikukosa kutajwa. Imetajwa kwa karanga ambazo hazikuota, na imetajwa kwa maradhi yanayokunja viungo. Aliyehesabu marejeo peke yake angeweza kudhani kuwa ni sehemu yenye bahati.

Kwa miaka mingi baadaye virusi hivyo viliendelea kuzusha milipuko Afrika na Asia bila kuwashughulisha sana watafiti wa nchi tajiri. Hali ilibadilika mwaka 2004. Mlipuko ulitokea Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Maradhi yalifika Mombasa, yakaenda Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu wa kisiwa waliugua kabla mlipuko haujatulia mwaka 2006. Réunion ni sehemu ya Ufaransa, na hapo maabara za Ulaya zilianza kazi kwa bidii. Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, wakiongozwa na Isabelle Schuffenecker, walionyesha kwamba virusi vya Réunion vilikuwa vimepata badiliko katika protini ya ganda lao la nje: katika nafasi ya 226, asidi amino iitwayo alanini ilikuwa imeachia mahali pake valini. Mwaka 2007 Konstantin Tsetsarkin na wenzake walithibitisha kwamba badiliko hilo moja liliviwezesha virusi kuenea kwa urahisi zaidi kwa njia ya mbu Aedes albopictus, ambaye anastahimili baridi kuliko ndugu yake Aedes aegypti. Badiliko dogo kama herufi moja katika neno lilifungua mlango wa nchi mpya. Makala hayo mawili yametajwa mara nyingi mno, na yanastahili.

Katika tafiti za namna hiyo, virusi vya wakati huu hulinganishwa na virusi vya kale ili kujua nasaba zao. Nasaba mojawapo ya kale inayotumiwa kwa ulinganisho ni ile yenye alama S27, iliyotokana na damu ya mgonjwa wa homa wa Tanganyika mwaka 1953. Mwaka 2002 ulichapishwa mfuatano kamili wa RNA yake, wenye nyukleotidi 11,826. Kila moja kati ya hizo imesomwa, imeandikwa na kuhifadhiwa. Lakini katika maandishi hayo ya molekuli mgonjwa wa kusini ni alama tu, herufi moja na tarakimu mbili. Kitu pekee kilichobaki kutoka vinywani mwa watu wake ni neno. Kwa hiyo yafaa neno hilo angalau liandikwe kwa ukweli.

Ushahidi wa Lugha

Msomaji wa jarida hili hahitaji ushahidi mrefu. Hata hivyo ni vema tuuweke wazi, kwa kuwa ukosefu wa ushahidi ulioandikwa ndio uliolilea kosa hili.

Kiambishi awali cha ngeli ya 7 katika Kiswahili sanifu ni ki-. Hubadilika kuwa ch- pale tu kinapofuatwa na irabu: chakula, chombo, choo, chuma. Kinapofuatwa na konsonanti hubaki ki-: kisu, kitabu, kikombe. Neno chikungunya lina kiambishi chi- mbele ya konsonanti k. Kama lingekuwa limeundwa kwa kanuni za Kiswahili sanifu, tungelitarajia lianze kwa ki-. Ama lugha za kusini zinajulikana kwa kiambishi hicho cha chi-. Wenyewe hawasemi Kiyao bali Chiyao. Hawasemi Kimakonde bali Chimakonde. Na katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa utasikia Chimwera. Watu waliozoea majina kama Chiola kule Nachingwea na Chinongwe kule Ruangwa hawashtuki wanaposikia chikungunya. Linasikika kama neno la jirani.

Ushahidi wa pili ni kitenzi chenyewe. Kiswahili kimepoteza sauti l katika maneno mengi ambayo lugha jirani zimeihifadhi: palipokuwa na njala pana njaa, na palipokuwa na kukala pana kukaa. Umbo kungunyala, lenye -ala mwishoni, lingeweza kukutiwa katika Kiswahili pia, kwa kuwa tunasema lala. Lakini kitenzi hicho si cha msamiati wetu wa kawaida. Mswahili anayetaka kueleza mwili uliojikunja husema kukunjamana au kujikunyata, na makunjo ya ngozi huyaita kunyanzi. Ushahidi huu peke yake usingetosha, ila unapoungana na ule wa ngeli, na zaidi ya yote unapoungana na tamko la Robinson na Lumsden wenyewe, shaka haibaki.

Huenda mtu akauliza kuna ubaya gani. Wamakonde ni Watanzania na Wasumbiji, Kiswahili ni lugha ya taifa, na neno likiitwa la Kiswahili halijatoka nyumbani. Hoja hii ina mvuto, lakini sisi wa fani hii hatuwezi kuikubali. Kwa miaka mingi tumelazimika kujibu madai kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika, kwamba ni Kiarabu kilichovunjika, kwamba msamiati wake ni wa kuazima na sarufi yake ni ya mchanganyiko. Tulijibu kwa ushahidi wa ngeli, wa vitenzi na wa mabadiliko ya sauti, yaani kwa ushahidi uleule nilioutumia hapo juu. Hatuna haki ya kuutumia ushahidi huo tunapodai chetu na kuusahau tunapokuwa na cha mwenzetu mkononi. Lugha kubwa inapomeza jina la lugha ndogo, hata kwa bahati mbaya, lugha ndogo hupungukiwa, na lugha kubwa haiongezeki kitu.

Jina Letu Lililopotea

Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kilikuwa na jina lake, na inaelekea lilikuwa la maradhi hayohayo. Mwaka 1870 Unguja ilipatwa na mlipuko wa homa na maumivu makali ya viungo. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alichapisha habari zake mwaka 1872, akalitaja jina walilotumia wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba maradhi ya namna ileile yaliwahi kuingia kisiwani zamani, na kwa hesabu zake ilikuwa mnamo mwaka 1823. Baadaye Christie alitoa rai kwamba neno dengue, lililoenea katika visiwa vya Karibi baada ya mlipuko wa miaka ya 1827 na 1828, lilitokana na dinga ya Kiswahili. Rai hiyo imekubaliwa na baadhi ya wataalamu na kutiliwa shaka na wengine. Kamusi zetu nazo zimelihifadhi neno hilo kwa umbo la kidingapopo, na maana inayotolewa ni homa ya dengue. Namna pepo alivyogeuka kuwa popo ni suala linalostahili makala yake.

Mwaka 1971 Donald Carey aliyasoma upya maandishi hayo ya kale na kuuliza kama hapakuwa na kubadilishana kwa majina. Dalili alizozieleza Christie, hasa maumivu ya viungo yanayodumu muda mrefu baada ya homa kuisha, zinafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue kama inavyofahamika leo. Ikiwa Carey ana haki, basi tuna kisa ambacho hata mtunzi wa hadithi angekionea haya: jina la Kiswahili limepewa maradhi mengine, na maradhi yake yamepewa jina la Kimakonde, kisha jina hilo la Kimakonde likaandikwa kuwa ni la Kiswahili. Dengue ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, magazeti yetu mengi yaliandika "homa ya dengue", na neno chikungunya nalo limeingia katika Kiswahili cha magazeti kwa njia ya taarifa za Kiingereza. Neno la Newala limewafikia Waswahili baada ya kupitia Entebbe, London na Geneva.

Mizani ya Marejeo

Sasa turudi kwa Garfield. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka mtafiti aweze kufuatilia wazo kutoka makala hadi makala, na pia aweze kuona kama makala anayotaka kuyategemea yamekwisha kukosolewa. Faharasa yake ilianza kuchapishwa miaka ya 1960. Lakini chombo cha kutafutia kiligeuka kuwa chombo cha kupimia. Majarida yalianza kupimwa kwa wastani wa idadi ya marejeo yanayopatikana kwa makala ya miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2005, virusi vilipokuwa vikivuka bahari kuelekea Réunion, mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha mtafiti mmojammoja: mwenye kipimo cha 20 ni yule ambaye makala yake 20 yametajwa kila moja mara 20 au zaidi. Leo katika vyuo vingi tarakimu hiyo moja hutangulia mbele ya jina la mtu.

Kasoro ya mizani hii inaonekana wazi katika neno letu. Mtu anayeandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, kisha akamtaja Robinson au Lumsden kuwa shahidi wake, ameiongezea makala ya 1955 marejeo moja. Katika hesabu, rejeo hilo lina uzito sawa na lile la mtu aliyeyasoma makala yote kwa makini. Lakini ni dhahiri kwamba mwandishi huyo hakuyasoma, kwa maana makala yenyewe yanasema kinyume. Amenakili kutoka kwa aliyenakili. Mwaka 2003 M.V. Simkin na V.P. Roychowdhury walichunguza jambo hili kwa njia ya werevu. Walifuatilia makosa ya chapa katika orodha za marejeo, kama vile namba ya ukurasa iliyokosewa, wakaona jinsi kosa lilelile linavyorudiwa na mwandishi baada ya mwandishi. Kutokana na hayo walikadiria kwamba takriban mmoja tu kati ya watano wanaotaja makala fulani huwa ameyasoma. Makadirio yao yanaweza kujadiliwa, lakini kisa cha chikungunya kinawaunga mkono.

Wanazuoni wa pwani yetu walikuwa na utaratibu wao wa kurejelea, nao ni isnadi. Aliyepokea habari alipaswa kusema ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, hadi kwenye asili. Mnyororo huo ulipimwa kiungo kwa kiungo: je, huyu alikutana na yule? Je, alikuwa mkweli, na hifadhi yake ilikuwa imara? Habari iliyosimuliwa na watu mia moja waliochukua kwa mtu mmoja dhaifu ilibaki kuwa dhaifu. Hesabu ya marejeo imeuchukua mnyororo huo, ikaacha kuvichunguza viungo na kubakia kuvihesabu.

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa anaielewa tofauti hii bila kufundishwa. Anapopeleka mzigo wake ghalani chini ya chama cha ushirika cha RUNALI, kinachoziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, korosho hupimwa uzito, lakini hupimwa pia ubora, na mzigo wa daraja la kwanza hauchanganywi na wa daraja la pili. Anajua pia habari ya kangomba, ununuzi wa pembeni kwa kipimo kisicho rasmi, ambao humwahidi fedha za haraka na kumwacha mkono mtupu msimu unapofika. Ghala lisilotazama daraja lingelaumiwa na kila mtu. Sisi wanazuoni tumekubali kupimwa katika ghala la namna hiyo, na wengi wetu tunalisifu.

Mtafiti wa Ruangwa

Nisingejishughulisha na suala hili kwa kina kama nisingelazimika kulijibu mbele ya mtu. Miaka michache iliyopita alinijia ofisini binti mmoja mzaliwa wa Ruangwa, mtafiti wa biolojia ya molekuli anayechunguza virusi vinavyoenezwa na mbu. Alikuwa na makala kadhaa kwa Kiingereza, na baadhi yake yalikuwa yametajwa na watafiti wa mabara mengine. Alitaka kuandika kwa Kiswahili makala yatakayoeleza virusi hivi ni nini, vimetoka wapi, vinabadilikaje, na kwa nini mbu anayeviambukiza huuma mchana, kiasi kwamba chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Alihitaji msaada wa istilahi. Tulikaa na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, tukachukua yaliyotufaa, na pale palipopungua tukaunda.

Kazi ilipokaribia kwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nikiyachapisha haya wataniuliza jarida limo katika faharasa gani."

"Na nyumbani, binti yangu, watakuuliza nini?"

Akatabasamu. "Nyumbani wataniuliza kama nimewaandikia wao, au nimeandika habari zao tu."

Sijapata kusikia tatizo la maandishi yetu ya kitaalamu likielezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Nilimshauri asiache njia yoyote kati ya hizo mbili. Aendelee kuandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mazungumzo ya sayansi yake yako huko na si haki kumtaka aondoke barazani. Na aandike kwa Kiswahili, kwa kuwa damu iliyoanzisha mazungumzo hayo ilitoka kwa watu wa kusini. Nilimwomba jambo moja zaidi: kila atakapoandika asili ya neno chikungunya, aandike Kimakonde. Alifanya hivyo katika makala yaliyofuata. Msomaji wa jarida aliyeyapitia alimtaka atoe ushahidi, kwa kuwa waandishi wengi walikuwa wamesema ni Kiswahili. Yeye, ambaye bibi yake alisema Kimakonde, hakuwa shahidi wa kutosha. Aliwataja Lumsden na Robinson, akaongeza kurasa, na sentensi ikapita.

Makala ya Kiswahili nayo yalichapishwa. Nakala zake zilipelekwa katika zahanati chache za kule kwao, na nimeambiwa kwamba wauguzi huwasomea watu waliokaa wakisubiri zamu. Kamati iliyopima kazi zake chuoni kwake, ambayo sioni haja ya kuitaja, iliyapa makala ya Kiingereza alama zake. Yale ya Kiswahili iliyaandika chini ya kichwa cha "kazi nyinginezo", safu ambayo haina alama. Hakulalamika, nami silalamiki kwa niaba yake. Ninasema tu kwamba makala yaliyosomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoyahitaji yamehesabiwa kuwa hayakusomwa, na makala ya 1955 yanayotajwa na watu wasioyasoma yanahesabiwa kuwa yamesomwa sana.

Hitimisho

Sipendekezi tuitupe mizani ya marejeo. Mwanazuoni asiyetajwa na yeyote kwa miaka mingi ana sababu ya kujiuliza kama ameandika kitu. Aidha, si haki tuwasingizie watu wa sayansi peke yao. Hata sisi wa idara za Kiswahili tunataja mara nyingi kwa mazoea: nadharia ileile, ukurasa uleule, kutoka tasnifu hadi tasnifu, na wakati mwingine kosa la chapa linasafiri pamoja nazo. Ninachopendekeza ni mambo matatu ambayo yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanafunzi wa shahada za juu wafundishwe kuirudia asili. Anayetaja makala na awe ameyafungua. Asipoweza kuyapata, amtaje yule aliyemsomea. Hii ndiyo adabu ya isnadi, na haihitaji fedha. Pili, majarida yetu yafungue kurasa zake kwa wataalamu wa sayansi wanaotaka kuandika kwa Kiswahili, na vyuo vyetu viyape makala hayo alama yanazostahili baada ya kuyapima kwa ubora wake. Taifa ambalo limekuwa na Baraza la Kiswahili tangu mwaka 1967 haliwezi kuendelea kuyaweka maandishi ya lugha yake katika safu isiyo na alama. Tatu, sisi wanaisimu tuwe tayari kuwasaidia wenzetu wa maabara kuhusu maneno wanayoyachukua kwetu. Majina ya maradhi ni sehemu ya maarifa ya watu. O'nyong-nyong, ndugu wa karibu wa chikungunya aliyetambuliwa Uganda mwaka 1959, alipewa jina la Kiacholi, na jina hilo nalo linaeleza udhaifu wa viungo. Wenyeji wa nchi hizi walizitambua dalili kabla hadubini haijafika.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kuwaonya wanaodharau Kiswahili. Safari hii inatuelekea sisi wenyewe. Chikungunya ni neno la Wamakonde, lililoundwa na watu walioumia na kuyatazama maumivu yao kwa makini kiasi cha kuyapa jina lililokubaliwa na dunia nzima. Kiswahili kimeliazima, kama kilivyoazima mengi, na hakuna fedheha katika kuazima. Anayeazima hutaja mwenye mali.